Wahudumu wa makanisa wodini: uji wao, maombi yao, na pale wanapoteleza

Ukilazwa katika hospitali ya umma huku magharibi mwa Kenya, Jumanne au Jumamosi asubuhi utawaona wakiingia: akina mama waliovaa aproni za kijani, vijana watatu wamebeba vyombo vya uji, na mzee mmoja wa kanisa ameshika daftari. Wametoka makanisa mbalimbali, Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste na Marafiki (Quakers) wa upande wa Vihiga, na hawalipwi wala hawamlipishi mtu. Tunachopima hapa ni huduma ya kikundi kimoja cha aina hiyo katika hospitali ya kaunti ambayo, malaria inapopamba moto, kitanda kimoja cha watoto hulala wawili. Jina la hospitali na la kikundi tumeyaacha, kwa kuwa kasoro tutakazozitaja ziko kila mahali na si haki kumtwika mmoja. Tunawapa nyota nne kati ya tano. Nne hizo wamezipata kwa sababu mikono yao hutangulia midomo yao.

Tuanze na saa ya kuingia, maana vikundi vingi huharibu hapo. Wauguzi hubadilishana zamu karibu saa mbili asubuhi, kisha madaktari huanza kuzunguka vitandani. Anayefika na uji wakati huo anakuta pazia limevutwa, kidonda kiko wazi, na sista hana hata dakika ya kumjibu. Hawa hufika saa nne, husubiri kwenye veranda, na mzee wa daftari huingia peke yake kwa sista mkuu wa wodi. Maswali yake ni yale yale manne: nani hatakiwi kula, nani ana kisukari, nani ametengwa, na kitanda kipi kimebaki wazi tangu usiku. Hilo la mwisho lina maana yake. Jamaa wa marehemu huenda bado wako nje wakingoja karatasi, na jirani wa kitanda kile hajafumba macho. Hao ndio wanaofikiwa kwanza, kabla kifuniko cha uji hakijafunguliwa.

Swali la kwanza ni zito kuliko linavyosikika. Anayesubiri upasuaji hatakiwi kula kwa saa sita au zaidi kabla ya dawa ya usingizi. Maji matupu huachwa saa mbili kabla. Uji, hata ukiwa mwepesi namna gani, ni chakula. Mtu akishalazwa na dawa, kilichoko tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kibao cha kumkataza kula huanguka nyuma ya kitanda, au kimeandikwa kwa Kiingereza cha kifupi asichokielewa yeyote pale, na mgonjwa mwenye njaa hana sababu ya kukataa kikombe cha moto. Akishakunywa, upasuaji unaahirishwa. Mahali ambapo upasuaji usio wa dharura hufanywa siku mbili tu kwa wiki, kikombe kimoja cha huruma humwongezea mtu siku kadhaa za kulala na bili yake. Kikundi hiki hufunga kitambaa chekundu kwenye chuma cha kitanda, upande wa miguu, na ni sista pekee anayekifungua. Mbinu hiyo ni rahisi na tunaipendekeza kwa kila mtu.

Uji wenyewe ni mzuri. Kwa watu 60, kila mmoja kikombe cha mililita 300, zinahitajika lita 18, nao hupika 20 kwa sababu kuna anayeongezwa na kuna kinachomwagika. Unga ni kilo 2: wimbi kilo moja na nusu, na nusu kilo ya soya iliyokaangwa kabla ya kusagwa, kwa kuwa soya mbichi huumiza tumbo. Unga hukorogwa kwanza katika lita 4 za maji baridi hadi madonge yaishe, ndipo humiminwa kwenye lita 16 zinazochemka huku mwiko ukizunguka bila kupumzika. Ukishaanza kutokota hupewa dakika 20 za moto mdogo. Njugu hawatii kamwe, maana kuna watu ambao njugu huwafungia pumzi, na wodini hakuna anayejua historia ya kila mtu.

Kabla ya sukari kuingia, lita 5 hutengwa. Hizo ni za wenye kisukari na watoto wadogo. Lita 15 zilizobaki hupata gramu 600 za sukari. Hapa wahudumu wapya huteleza: hudhani uji usio na sukari ni salama kabisa kwa mwenye kisukari. Unga wenyewe hugeuka sukari mwilini, kwa hiyo yeye hupewa nusu kikombe, tena baada ya sista kumpima damu na kumpa dawa yake. Wengi wa huku, hasa waliozoea uji wa muhogo na mtama, hupenda mchachu, na kikundi hubeba maji ya ukwaju katika chupa ndogo. Mwenye vidonda vya tumbo au vya mdomoni hatiliwi. Tumeona mama akikubali kwa adabu tu, kisha akashindwa kumeza.

Kuhusu vyombo, tunawapongeza kwa kuacha mitungi ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii kusugua, na uji wa jana uliobaki kwenye kona huuchachusha wa leo. Sasa wana vyombo viwili vya kuhifadhi joto vyenye mdomo mpana na bomba chini. Bomba huziba kwa donge moja tu, hivyo uji huchujwa unapoingizwa. Vikombe huoshwa kwa sabuni na maji ya moto, kisha hulowekwa dakika 10 katika ndoo ya lita 10 iliyotiwa mililita 150 za Jik ya asilimia 3.5, halafu husuuzwa na kuanikwa juani. Siku maji ya hospitali yakikatika, na hukatika, huja na lita 40 zao wenyewe. Bila maji hayo hawagawi, na wanafanya vyema.

Kabla ya kikombe huja jagi na beseni. Mama mmoja anashika beseni chini ya mikono ya mgonjwa, anamwaga maji ya vuguvugu kidogo kidogo, anampakia sabuni katikati ya vidole kwa sekunde 40 hivi, akiuruka mkono wenye sindano ya dripu. Anamkausha kwa kitambaa chake mwenyewe mgonjwa, maana taulo moja ikipita vitanda vyote hubeba ugonjwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wakati wa kunawa huku ndipo mazungumzo huanza. “Pole, mama. Umelalaje?” Mara nyingi mgonjwa aliyemwambia daktari kwamba yuko sawa atasema hapo kwamba mguu umekufa ganzi tangu jana. Jibu lililo sahihi, ambalo hawa wamefundishwa, ni “Acha nimwite sista,” kisha kumwita kweli.

Kumlisha asiyejiweza kunahitaji subira kuliko nguvu. Kitanda huinuliwa kichwani, au mito na blanketi zilizokunjwa huwekwa mgongoni hadi awe ameketi, kidevu kikiinama kidogo. Kijiko ni kidogo, nusu yake tu, na kinachofuata hakiji hadi koo limeonekana likimeza. Aliyepooza upande mmoja hulishwa kwa upande wenye nguvu. Akikohoa, au sauti yake ikitoka kama ina maji, kulisha kunaishia hapo na sista anaitwa. Anayesinzia halishwi kabisa, hata jamaa wakisihi. Akimaliza hukaa vile vile nusu saa, asilazwe chali. Kwa mwendo huo kikombe kimoja huchukua dakika 25, na ndiyo sababu kikundi cha watu 12 hakiwezi kulisha kwa mkono zaidi ya wagonjwa kumi asubuhi moja. Wodi za wagonjwa wa kiharusi zingehitaji mara mbili ya hao.

Wodi ya mifupa ya wanaume ni hadithi nyingine. Imejaa vijana wa boda boda na abiria wao, wengi wakiwa wametundikiwa mguu kwa kamba na uzito kwa wiki sita na zaidi, wengine kwa kuwa pesa za kununulia chuma cha kuunga mfupa hazijapatikana. Uzito huo, uwe wa chuma au mfuko wa mchanga uliopimwa, lazima uning’inie hewani. Ukigusa sakafu au ukiegemea kitanda, hauvuti tena, na mfupa unaungana ukiwa umepishana. Mgeni mwenye moyo mzuri huuinua “ampumzishe ndugu yetu kidogo”, au huketi pembeni ya kitanda kikahama, au hutundika mkoba wake kwenye kamba. Kazi ya wiki tatu huharibika kwa dakika moja. Wahudumu hawa hawaketi kitandani na hawagusi kamba. Wanachofanya ni kukunja leso na kuiweka chini ya shavu la mguu usiovunjika ili kisigino kielee bila kugusa godoro, maana vidonda huanzia kwenye kisigino na kiunoni. Asiyefungwa kamba na asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na hapa wanawafundisha jamaa, kwa kuwa saa mbili zijazo wao hawatakuwepo. Huacha pia ubao wa drafti na vizibo vya soda. Mtu aliyelala chali tangu mwezi jana anahitaji jirani wa kumshinda.

Kisha maombi. Watu wengi wanaouliza kuhusu huduma hii hutaka kujua hili kwanza, na sisi tumeliweka hapa kwa sababu wao wenyewe huliweka hapa, baada ya kikombe kurudishwa. Huanza kwa swali: “Ungependa tukuombee, mzee?” Akisema hapana, wanamshukuru na kumtakia siku njema, na kitanda hicho hakirukwi wiki ijayo wakati wa uji. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini, na wodini humo kuna Waislamu wa Mumias, waumini wa Legio Maria, Wasabato, na wasiotaka kuulizwa. Mwislamu hunywa uji ule ule kwa heshima ile ile. Maombi ni ya dakika tatu, kwa sauti inayofika mto wa pili tu. Lugha ni ya mgonjwa: Dholuo, Kiluhya, Kiswahili. Zaburi wanazosoma ni fupi, ya 23 yenye aya sita au ya 121 yenye aya nane, kwa kuwa mwenye homa hawezi kufuata sura nzima, na aliyezikariri utotoni humalizia mwenyewe. Kuna wakati mgonjwa ambaye hajasema neno tangu alipoletwa hutikisa midomo kwenye aya ya mwisho. Kwa hilo pekee huduma hii ingefaa kuwepo.

Mkono huwekwa begani, baada ya kuomba ruhusa. Hauwekwi kwenye kidonda, wala tumboni pa mama aliyetoka kupasuliwa. Mafuta ya upako ni tone moja kwenye paji la uso, na penye oksijeni hayatumiki kabisa, wala mshumaa, kwa sababu hewa hiyo hufanya moto mdogo kuwa mkubwa kwa kufumba na kufumbua.

Sasa kasoro zilizowanyima nyota ya tano.

Ya kwanza ni wageni wao. Kikundi chenyewe kina adabu, lakini mara kwa mara hualika mhubiri wa nje, naye huja na kipaza sauti. Wodi ya vitanda 30 haina mahali pa kuikimbia sauti hiyo. Baya zaidi ni ahadi. Mtu akiambiwa hadharani kwamba amepona na asiwe na shaka, neno hilo humfuata hadi nyumbani. Anayeacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi huvipa virusi nafasi ya kuzoea dawa na kurudi na nguvu. Dawa za kifua kikuu cha kawaida ni za miezi sita, miwili ya kwanza dawa nne na minne iliyobaki dawa mbili. Kikohozi hupungua mapema, na hapo ndipo ushuhuda wa haraka humponza mgonjwa. Wa kifafa na wa insulini wakiacha dawa wanaweza kuanguka ndani ya siku chache. Viongozi wa kikundi husema wazi kabla ya kila sala kwamba dawa haiachwi. Mgeni asiyekubali kusema hivyo asiruhusiwe kupita lango, na bado wanasitasita kumkatalia mchungaji mkubwa.

Ya pili ni siri. Kumwombea mtu kwa sauti huku ukiutaja ugonjwa wake ni kuutangazia ukumbi mzima. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inalinda siri ya hali ya mtu, na kuiweka ndani ya sala hakubadilishi kitu. Inatosha kusema “mtoto wako huyu”, Mungu anamjua. Picha ni tatizo lile lile: mhudumu mpya hupiga picha ya mtoto mwenye bomba puani na kuituma kwa kundi la WhatsApp la kanisa ili watu wachange. Mchango huja, na mama wa mtoto hukutana na picha hiyo kwenye simu ya jirani. Tangu mwaka huu simu huachwa kwa mzee wa daftari. Ni hatua nzuri iliyochelewa.

Ya tatu ni ratiba. Wasabato huja Jumamosi alasiri baada ya ibada, hawa wameshakuja asubuhi, Jumapili huja wengine, na Jumatatu, Jumatano na Alhamisi hakuna mtu. Mgonjwa hupata vikombe vitatu siku moja na hakuna kesho kutwa. Hali hiyo hiyo ndiyo huharibu uchangiaji wa damu. Kanisa hukusanya watu wengi Jumapili moja, kisha kimya. Damu nzima iliyotolewa hudumu takriban siku 35 kwenye jokofu, na watoto wa malaria kali na wa selimundu huhitaji damu kila wiki. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba benki hukauka. Kikundi kigawe watu wake: kumi kila wiki, wenye umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, wanaume baada ya kila miezi mitatu, wanawake minne. Mililita 450 zinazotolewa Alhamisi ya Agosti zina thamani kuliko umati wa Jumapili ya Juni.

Kwenye bili wanasaidia kuliko tulivyotarajia. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na hadi leo kuna anayelazwa akiwa na kadi ya zamani mfukoni akidhani inafanya kazi. Kijana mmoja wa kikundi hupita na kitambulisho cha mgonjwa mkononi mwa jamaa, wanabonyeza *147#, na kumweleza kwamba kujiandikisha peke yake hakutoshi: mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, kiwango cha chini shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na ajira hupimwa uwezo wa nyumba yake kisha hulipia mwaka. Kosa lililowahi kutokea ni kuwaandikisha wagonjwa kwa namba ya simu ya mhudumu. Ujumbe wa siri wa kuthibitisha huenda kwenye simu hiyo, na siku ya kutoka mhudumu yuko shambani Butere bila mtandao. Iwe namba ya mgonjwa au ya jamaa wa karibu, basi. Asiye na chochote apelekwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii siku ya pili au ya tatu. Wengi hungoja siku ya kuruhusiwa, wakati mahojiano na barua za chifu bado ni safari ya wiki nzima. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama waliojifungua kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba, na jamaa wana haki ya kulijua hilo kwa upole, bila kugombana na karani wa dirishani.

Aproni za kijani nazo zina sababu. Zamani walivaa nyeupe, na kwa mgonjwa wa huku kila mwenye nguo nyeupe ni “daktari”. Waliulizwa vidonge vimezwe vingapi, na kuna waliojibu.

Ukitaka kuchangia vitu, leta sabuni za mche, pampasi za saizi ndogo na za watu wazima (hizi za pili hazitoshi kamwe), sodo, mabeseni, na shuka za rangi nzito. Shuka za mitumba za soko la Kibuye, Kisumu, zinafaa kabisa, Jumapili ndipo chaguo ni kubwa. Zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kabla ya kuletwa. Biblia ziwe za maandishi makubwa. Usilete soda, usilete dawa zilizobaki nyumbani, na wodi ya watoto usilete midoli ya manyoya isiyooshwa. Ukiwa na mafua kaa nyumbani. Wodi ya kifua kikuu huingiwa na waliofunzwa tu, wakiwa na barakoa ya N95 iliyobana uso, madirisha yote yakiwa wazi. Barakoa ya kawaida ya buluu haimlindi anayeivaa na vijidudu hivyo. Chumba cha watoto njiti hawaingii, na wasiombwe kuingia. Akina mama wao hupatikana nje kwenye benchi, kila baada ya saa tatu, wakienda na kurudi kunyonyesha au kukamua maziwa.

Kama una mtu wako amelala wodini sasa, usingoje wapite kwa bahati. Jumatatu jioni mwambie sista wa zamu jina na namba ya kitanda, na iwapo anahitaji kulishwa kwa mkono, maana daftari hujazwa usiku huo na wa kulishwa huandikwa kwanza. Mwachie kikombe chake, kitambaa chake cha mkono na leso mbili. Kama hali uji wa wimbi, sema mapema; wana sufuria ndogo ya mchele.